Miche ya Maboga Dirishani

Neema mjukuu wangu,

Hapa Barking hatujambo, ila babu yako anagombana na goti lake. Umeuliza kama uhamishie miche nje sasa, maana huko Leeds jua limetoka. Thubutu!

Mwaka wangu wa kwanza London, mvua ya Aprili iliponyesha nilidhani masika yameingia kama kwetu Muheza. Nikapanda maboga siku ileile. Asubuhi moja nikakuta sakitu nyeupe bustanini, miche yote imeungua kwa baridi.

Mwaka uliofuata niliiweka dirishani, kwenye vikopo vya mtindi, hadi Mei ikaisha. Mvua iliniita, nikaikatalia; miche nikaihamishia nje Juni. Oktoba, kabla sakitu haijarudi, nilivuna maboga kumi na moja, nikayapanga kwenye ngazi. Babu yako alikosa pa kupita!

Basi subiri, mama. Kwa sasa tafuta pa kuyaweka maboga yako.

Bibi yako