Lebo ya Saruji Kwenye Faili la Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, nisaidie. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, na wiki saba zilizopita mama mkwe wangu alibadilishiwa goti hapo hapo ninapofanya kazi, na kwa kuwa ana kisukari daktari aliagiza goti la bandia lishikizwe kwa saruji ya mifupa iliyochanganywa na antibiotiki, sasa sisi tuna kamchezo ketu ka kubandika lebo za pakiti kwenye faili mapema ili kuokoa muda, nami nikabandika, kisha pakiti ikaniponyoka ikapasukia sakafuni, nyingine ya aina ile haikuwepo, nikafungua ya kawaida, nikaikoroga, nikampa daktari bila kusema neno maana akicheleweshwa hufoka, na lebo ikabaki ile ile.

Tangu juzi goti limevimba na lina joto. Daktari alisoma faili akasema dawa ilikuwamo kwenye saruji, tusihangaike, ni uvimbe wa mazoezi tu, arudi baada ya mwezi. Mama anashinda sebuleni kwangu, mguu juu ya mto, na kila mgeni anaambiwa, "Huyu mkwe wangu alikuwa humo humo ndani, hakuniacha." Nikisema, kazi sina, na mume wangu hatanitazama tena. Nikinyamaza, labda uvimbe utapungua wenyewe. Nifanyeje?

Muuguzi

Muuguzi, pole. Pakiti humponyoka yeyote, na saruji ya kawaida si sumu, wengi wanatembea nayo vizuri. Hata yenye dawa haizuii kila maambukizi. Mpaka hapo tuko pamoja. Kwenye lebo ndipo unaponikasirisha, kwa sababu daktari anaamua kwa karatasi ambayo wewe peke yako unajua inadanganya, nawe kila asubuhi unapita sebuleni, unamjulia mama hali, unakwenda zako kazini.

Eti labda utapungua. Wewe ndiye uliyesomea, na unajua goti lenye joto la mtu wa kisukari halingojewi mwezi.

Mpigie daktari sasa hivi, mwambie ilitumika saruji ipi, omba maji ya goti yapimwe leo. Atafoka, mwache afoke. Kisha mwandikie msimamizi wako, na hako kamchezo kakome. Mumeo asikie kutoka kwako, asisikie kwa wenzako.

Na mama umweleze kabla hajapanda gari la kwenda hospitali. Barua yako imejaa watu unaowaogopa. Mwenye goti ndiye pekee anayekusifu, na ndiye pekee ambaye hukufikiria kumwambia.