Vidonge Ulivyoniwekea

Mama,

Shuleni Kitale walitufundisha kuanza barua kwa kumuuliza mtu hali yake. Nimekwama hapo hapo, kwa sababu hali yako naijua. Basi nianze na yangu. Mimi ni mzima. Si miguu, miguu ni ile ile, asubuhi mizito na jioni mizito zaidi. Ni kichwa ndicho kimetulia. Nalala, naamka, na nikiamka sitamani tena kwamba nisingeamka. Najua sentensi hiyo itakushtua, maana nilikuficha kwamba niliwahi kutamani hivyo. Ndiyo sababu ya barua hii.

Hapa mtaani Hai Malakal nyumba ni ile ile. Jiko lako la chai nimempa Mama mdogo Poni, anauzia pale pale ulipokaa, na wateja wako wanamlalamikia kwamba tangawizi haitoshi. Mimi nimerudi kufundisha siku tatu kwa wiki. Nafundisha nikiwa nimekaa. Chaki ikinianguka naiacha, nachukua nyingine, na watoto wameacha kucheka.

Nikuambie kuhusu dawa.

Unakumbuka tuliporudi kutoka Kampala na zile picha za kichwa changu? Ulitaka jina la ugonjwa nikakuambia ni herufi mbili tu, M na S, ukasema ugonjwa usio na hata jina kamili hauwezi kuwa mkubwa. Nikakueleza kwamba mwili wenyewe unatafuna ngozi ya mishipa ya fahamu, kama panya anavyotafuna waya za stima. Hilo ulilielewa. Ulianza kuniamkia kwa kuuliza, "Panya wamelalaje?" Mimi nilikuwa nikikasirika. Leo ningetoa nini niulizwe swali hilo.

Miezi ikapita, nikaanza kulia bila sababu. Daktari wetu, yule Mganda mwenye miwani, aliniambia ugonjwa huu mara nyingi huja na mwenzake, na mwenzake anaitwa dipresheni. Akasema si uvivu, si pepo, wala si kukosa imani, na dawa yake ipo, ila itabidi tuitafute, kwa sababu inayomfaa mmoja humkataa mwingine, na mimi nina mwili unaokataa vitu vingi. Ya kwanza ilinikausha mdomo na kunifunga mkojo, na mkojo ulikuwa tayari ni shida yangu. Tukaiacha. Ndipo akanipa ya pili, akasema nivumilie wiki sita kabla ya kuihukumu. Halafu akasema vidonge visikae kwangu, vikae kwa mtu wa nyumbani. Hakusema kwa nini. Mimi nilijua kwa nini.

Mtu wa nyumbani ulikuwa wewe. Nilikukabidhi ile pakiti, ukaniuliza, "Hii ni ya nini, Kiden?" Nikakuambia, ya miguu.

Nisamehe. Niliona aibu, Mama. Wewe ulikimbia vita mara mbili, ulizika mume na mtoto, ukauza mitumba kwenye jua la Kitale ili nisome, na kila asubuhi uliamka ukaimba. Ningekuambiaje kwamba mimi, niliyelala chini ya paa, niliyeshiba chakula chako, sitaki kuishi? Miguu haina aibu. Miguu kila mtu anaihurumia. Kwa hivyo nikaitwika miguu mzigo usio wake.

Vidole vyangu havikuweza tena kusukuma kidonge kutoka kwenye karatasi yake, kwa hivyo kila asubuhi uliniletea dawa zangu zote ndani ya kifuniko cha chupa, pamoja na chai. Ya kulegeza misuli, vitamini, na hiyo "ya miguu". Mimi nilikuwa namimina mdomoni na kumeza. Sikuwahi kuhesabu. Nani anahesabu anachopewa na mama yake?

Wiki ya tano, mbuzi wa jirani aliingia akala ile sketi yako ya kanisani kwenye kamba, ukamfukuza na mwiko ukimtukana kwa Kibari, Kiarabu na Kiswahili kwa pamoja. Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Uliacha mbuzi na sketi, ukaja ukanishika uso kwa mikono yote miwili, ukasema, "Leo umerudi." Siku zile zilikuwa nzuri. Nilisikia harufu ya vitunguu tena. Nililalamika kidogo sana.

Halafu ikaanza kuzimika. Siku moja nzuri, mbili mbaya, miezi kwa miezi. Kizunguzungu, na kitu kama umeme kinapita kichwani nikigeuza macho. Nikadhani ni panya. Nikarudi kwa daktari nikamwambia hii nayo imeshindwa. Akaniangalia sana. "Wewe iko nakunywa kila siku? Hakuna siku moja nakosa?" Nikamjibu kwa kujiamini kwamba kila siku, mama yangu mwenyewe ndiye ananipa, na mama yangu hasahau kitu. Basi akaandika ya tatu.

Hiyo ya tatu, Mama, ndiyo uliyoishi nayo. Ilinikaza miguu kama mti, ikaninyima usingizi, nikawa nasaga meno na kutembeza hasira nyumba nzima. Yule aliyesukuma sahani uliyomletea alikuwa mimi, sitasingizia dawa. Na siku uliyonisihi nile angalau asida kidogo, ugali wetu wa huku, nilikuambia, "Ungeniacha tu Kitale. Ulinileta hapa nikufe ukiniangalia." Wewe, uliyekuwa na jibu la kila kitu, ulinipa tu pole ya Kiarabu, "Maalesh, mwanangu," ukaondoa sahani.

Kesho yake ukasema unaenda kijijini Rejaf kwa Mjomba Lado, kwamba kaka yako ana palizi na mimi nahitaji kupumua bila wewe. Ukamleta Mama mdogo Poni anikalie. Ulisimama mlangoni na mfuko wako, ukisubiri niseme neno. Nilikuwa nimegeukia ukutani.

Jumapili, baada ya kanisa, ulipiga simu. Najua kule mtandao unapatikana karibu na barabara tu, kwa hivyo ulitembea. Ulipiga mara tatu. Simu ilikuwa mkononi mwangu, Mama. Niliona jina lako likiwaka na kuzimika. Nilijiambia nitapiga kesho nikiwa na sauti nzuri. Jumanne Lado akampigia Poni, presha, ulianguka shambani.

Sijui la kuandika hapa. Nimeacha kalamu nikaenda kunywa maji, nimerudi, bado sijui.

Siku ya arobaini walikufanyia sala huku nyumbani, na Mama mdogo Poni akafungua sanduku lako agawe nguo. Chini kabisa, chini ya kitenge cha bluu, kulikuwa na kopo la maziwa ya unga limefungwa kwa plastiki na mpira. Akalitikisa, likalia. Ndani vilikuwa vidonge, vingine bado kwenye karatasi zake ulizozikata kwa mkasi. Sabini na viwili. Nikavijua. Ilikuwa ile dawa ya pili.

Nilimuuliza Poni, akashangaa kwamba sijui. Alisema ulimwambia mwenyewe, ukijivunia: "Kiden akiamka bila kulalamikia miguu, siku hiyo simpi. Namwekea. Dawa zinapita barabara ya Nimule, na si ya babake, ikifungwa atameza nini?"

Nilikaa chini, Mama. Si kwa sababu ya miguu.

Ungekuwa mtu mwingine ningesema ni ujinga. Lakini nani asiyekujua? Hukuwahi kumaliza kitu. Sabuni ulikata nusu ukaficha, chumvi ulifunga mafundo matatu mahali patatu, na unga wa mwisho wa gunia haukuliwa mpaka gunia jipya liingie mlangoni. Mtu aliyekimbia mara mbili hali chote kilicho mezani, na hakuna aliyekulaumu, kwa sababu ni hizo nusu zako zilizotufikisha Kenya. Nilikupa dawa ya miguu, nawe ukaitunza kama dawa ya miguu. Ukiumwa unameza, usipoumwa unaweka. Kadiri nilivyopona ndivyo nilivyolalamika kidogo, na kadiri nilivyolalamika kidogo ndivyo ulivyoniwekea zaidi. Dawa haikushindwa. Wewe hukukosea. Ningekuambia siku ya kwanza kwamba hiki ni cha kunifanya nitake kuishi, usingeficha hata kimoja. Ungenisimamia na mwiko.

Nilibeba kopo mpaka kwa daktari. Alivimwaga mezani, akasoma tarehe, akavua miwani akaifuta muda mrefu. Akaniambia tuanze upya, na tuanze na hivi hivi, kwa kuwa havijaharibika. Wiki ya sita nilisikia harufu ya vitunguu. Nililia juu ya sufuria mpaka Poni akadhani nimeungua.

Na nikuambie jambo ambalo ungelipenda. Mwezi uliofuata magari ya Nimule yalisimama karibu wiki tatu. Watu walizunguka maduka ya dawa mpaka soko la Custom na kurudi mikono mitupu. Mimi nilikuwa na za kwako. Ungetembea mtaa mzima ukisema, "Niliwaambia."

Sasa dawa zinakaa kwa Mama mdogo Poni. Nilimketisha nikamwambia kwa mdomo wangu ni za nini. Aliniuliza tu, "Na mama yako alijua?" Nikasema hapana. Akapiga ulimi, akatikisa kichwa, na mpaka leo hajanisamehe kabisa, lakini kila asubuhi anasimama mbele yangu mpaka niache mdomo wazi aone nimemeza.

Limebaki moja. Nimeliacha mwisho kwa sababu ni zito.

Sikuja kukuzika. Lado aliwaambia watu, "Mtoto wake ni mgonjwa, miguu imekataa," na wazee wakanihurumia, wakanitumia salamu na karanga. Mama, siku ile miguu ilikuwa mizuri. Ningeweza kupanda gari. Ningeweza hata kutembea kutoka barabarani na fimbo yangu. Ni mimi niliyebaki kitandani na nguo nyeusi nimeshavaa, kwa sababu niliogopa kusimama mbele yako nikiwa na zile simu tatu. Poni alipouliza, nikamwonyesha miguu. Akaamini. Kila mtu aliamini.

Mvua zikikata nitakuja Rejaf. Nitamwomba Mjomba Lado awaite wale waliokuwepo, tukae hapo ulipo, na nitawaambia haikuwa miguu. Wengine watasema ni laana, na mke wa Lado atasema mengi. Waseme. Nitawaambia jina la kile nilichoumwa na jina la kidonge ninachomeza, kwa Kibari changu kibovu, wacheke wakitaka. Halafu nitakuomba msamaha kwa sauti, wasikie.

Na kama siku hiyo miguu itakataa kweli, nitawaambia wanibebe.

Lala, Mama.

Binti yako,
Kiden