Mfereji Uliooshwa Kawempe

Dada Mwajuma, shikamoo. Huku Kampala mvua inanyesha kila alasiri, na chapati za mayai ungezipenda. Ya leo sikuimaliza.

Mafunzo yetu ya afya yametupeleka mtaa wa Kawempe kuchota maji taka. Maabara huyapima kuona kama kuna korona ya aina mpya, na kama ndiyo ile iliyoonekana nchi jirani. Tulipofika, mama muuza chapati alikuwa anamimina dawa ya klorini ya kufulia nguo mferejini, chupa nzima. Maji yalinuka kama mashuka ya hospitali.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Nyinyi mukipata hiyo mupya, munafunga sisi tena. Ile mara ya kwanza watoto yangu walilala njaa."

Nilitaka kumwambia kwamba kupima si kufungia watu majumbani. Nikakumbuka alichotusimulia asubuhi mwalimu wetu, ambaye ni mgeni kutoka nchi nyingine. Nchi yao ndiyo iliyotangaza aina mojawapo ya korona kabla ya wengine. Mataifa yaliwashukuru, kisha yakazuia ndege zao. Waliokaa kimya waliendelea kusafiri. Basi nikanunua chapati.

Msimamizi wetu naye aliiona ile chupa. Akasema tuchote hivyo hivyo, ingawa dawa hiyo hufuta dalili za virusi majini. Taarifa itasema Kawempe ni safi, na wakubwa watafurahi.

Nibusie watoto, dada. Wakikohoa mbele ya wageni, usiwakazie macho wanyamaze. Waache wakohoe.

Mdogo wako,
Salim