Karani wa Msalato

Kongwa,
29 Juni 2025

Mwanangu Devota,

Hujambo mama? Sisi wazima, ila kipupwe cha mwaka huu kina ugomvi na wazee. Navaa makoti mawili na meno bado yanagongana. Najua utasema si ningepiga simu. Simu yangu ni ya misiba, mengine yanaandikwa.

Mashindano ya ndege tumeanza jana. Mimi na wewe tuna kumi na tisa, rafiki yangu Mustapha kumi na saba, na kelele zake ni za mtu mwenye mia. Kanuni ni ileile ya tangu ulipokuwa unabebwa mgongoni: ndege haandikwi daftarini mpaka aonwe na macho manne. Mimi namtumia mama yako, yeye anaye Bi Sikudhani wake.

Sasa sikiliza. Mustapha ana presha ya macho. Daktari kamwambia mwakani hataona. Mwaka jana tulimshinda kwa ndege mmoja tu, yule karani mliyemwona Msalato wewe na jirani yako Yudith. Mzee wa watu hajamwona karani maisha yake yote. Anasema kabla giza halijaingia amwone huyo ndege mrefu mwenye manyoya kisogoni kama kalamu zilizochomekwa sikioni. Jumamosi ya tarehe 12 atakuja kwako Makole, umpeleke palepale.

Nimemtania kwamba anamwacha karani wa masjala, binti yangu, anamfuata wa porini. Kacheka mpaka kakohoa.

Ni mimi baba yako,
Elisha


Makole, Dodoma,
9 Julai 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama naye shikamoo yake. Mimi mzima, kazi tu ndizo zimenizidi, mafaili yamejaa mpaka chini ya meza.

Nimesikitika sana kuhusu macho ya Baba Mustapha. Lakini tarehe 12 sitakuwepo, natumwa Singida kikazi. Halafu kule Msalato siku hizi ni magari ya ujenzi na vumbi, sidhani kama yule ndege bado yupo. Mwambie asijisumbue na baridi hii. Mwambie pole.

Mwanao,
Devota


Kongwa,
20 Julai 2025

Mwanangu,

Hujambo? Huku furaha tupu! Barua yako ya Singida ilifika Mustapha ameshapanda basi, nikasema basi tena, anakwenda kula vumbi la bure. Kumbe safari yako iliahirishwa!

Amerudi Jumatatu, midomo imepasuka kwa upepo. Hakuketi. Akaomba daftari, akaandika mwenyewe kwa herufi kubwa, maana ndogo hazioni tena: KARANI. MAKOLE, TAREHE 12. SHAHIDI: DEVOTA. Nikamwambia umekosea, ni Msalato. Akasema niache hivyohivyo.

Nilimuuliza alikuwaje. Akasema alisimama kimya, hakuruka. Basi. Mtu aliyekuwa akimwelezea kwale kwa nusu saa! Nadhani alizidiwa na furaha.

Sasa yeye ana hamsini na nne, sisi hamsini na tatu. Sijawahi kufurahia kushindwa namna hii. Asante mwanangu kwa kumshika mkono rafiki yangu. Nanenane uje utie sahihi ya ushahidi, mama yako atachinja kuku.

Baba yako


Makole,
27 Julai 2025

Baba,

Shikamoo. Leo sitauliza hali, nisamehe.

Sikumpeleka. Singida haikuwepo, niliitunga. Na karani wa mwaka jana niliyekwambia, sikumwona. Yudith hata Msalato hajafika. Ulikuwa umeniandikia kwamba mmefungana sitini kwa sitini, nami nilikuwa nimepitisha msimu mzima bila kutazama hata chiriku mmoja. Niliona aibu. Nikasema ndege mmoja tu, utani wa wazee, nani ataumia?

Tarehe 12 alikuja asubuhi. Nilimwona kupitia dirisha, na lile koti lake la kijivu na darubini shingoni. Akapiga hodi. Akasema, "Devota mwanangu, ni baba yako mdogo." Nikamtuma Yudith atoke kwa mlango wa nyuma akamwambie nimesafiri. Mzee akamshukuru, akamuuliza njia ya kwenda Msalato. Mimi nikabaki nimesimama nyuma ya pazia mpaka alipokata kona. Baba, alikuwa anapapasa ukuta.

Sielewi kwa nini ameandika jina langu. Nitie sahihi nini? Tangu siku ile nikisikia hodi moyo unanipasuka.

Mwanao


Kongwa,
11 Agosti 2025

Devota,

Tunaendelea vizuri. Nanenane imepita, kuku yuko hai.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nilikasirika mpaka mama yako akanifichia kalamu. Baadaye nikaenda kwa Mustapha, nimeitia mfukoni. Nilitaka kumsomea. Nilifika kwenye shikamoo tu.

Akaniambia, "Acha, Mwalimu. Najua."

Msalato alikaa siku mbili kwenye upepo, hakuona kitu. Nikamuuliza, sasa mbona uliandika uongo kwenye daftari letu? Akaniambia, "Uongo uko wapi? Nilikwenda Dodoma kumwona karani, na karani nilimwona. Alikuwa dirishani, amevaa kilemba cha njano. Mimi nilimwona, yeye akaniona. Hesabu macho, Mwalimu. Si manne?"

Hakucheka, Devota. Akasema alipokuona umejificha ndipo alipojua na wa mwaka jana hakuwepo, na hakutaka uaibike mbele yangu. Halafu akaniomba nimfungie vifungo vya koti, havioni.

Sina la kukuandikia zaidi. Nafasi ya sahihi yako iko wazi.

Baba yako


Makole,
14 Agosti 2025

Baba,

Shikamoo.

Nakuja Jumamosi ya tarehe 23 kwa basi la kwanza. Usije stendi kunipokea, na Baba Mustapha usimwambie. Nitavaa kilemba kilekile, kama bado anaona rangi. Nitapiga hodi mwenyewe. Akinyamaza ndani, nitakaa hapohapo kibarazani mpaka atakapotaka kufungua.

Mwanao,
Devota