Usiguse Nguzo ya Katikati

Bruxelles, Jumanne asubuhi

Papa Neema, mume wangu,

Mgongo wako umepoa? Neema anakula vizuri? Huku mdogo wake anaota meno na halali. Nimechoka, lakini tuko salama.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unacheka, halafu mtandao unakatika pale unapotaka wewe. Barua haikatiki.

Mzee ninayemsafishia nyumba huko mtaa wa Forest alikuwa mwalimu wa ujenzi. Ukutani ana picha za mahekalu ya kale ya Wahindu, yaliyochongwa ndani ya mlima kule India. Jana nilikuwa napangusa moja: ukumbi mkubwa, nguzo safu kwa safu, na nyuma gizani uso wa mungu wao Shiva, mrefu kushinda nyumba yetu. Nikamuuliza, "Papa, nguzo hizi walizipandishaje humo ndani?"

"Maman, hakuna aliyezipandisha. Huo ni mlima wenyewe. Walianza juu, kwenye dari, wakashuka na patasi, na kabla ya kutoa jiwe walijua lipi litabaki. Ukishalitoa, hulirudishi."

Bon, nikamwonyesha ile picha uliyonitumia: wewe na mdogo wako Kaumba mmesimama wima katika shimo chini ya nyumba yetu, na katikati ile nguzo ya udongo yenye madini ya kobalti, unayosema ndiyo tamu kuliko zote na mtamaliza kuichimba Jumamosi. Mzee akavaa miwani. Akaiweka chai yake chini. Halafu akauliza, "Juu hapo analala nani?"

Nikamwambia, "Binti yangu."

Na wiki iliyopita Neema aliniambia, "Mama, chini ya kitanda changu kuna watu wanagonga." Na mlango wa chumba chake haufungi tena. Wewe unasema mbao imevimba. Kiangazi hiki, imevimba kwa maji gani?

Najua unachimba kwa ajili yetu, sikulaumu. Lakini hili siombi, naagiza: nguzo ibaki, na mtoto atoke. Leo hii unaposoma. Yeye na godoro lake, kwa dada yako.

Barua hii anakuletea maman anayesuka nywele kwenye maduka ya Galerie d'Ixelles hapa Bruxelles. Anapanda ndege kesho. Nimemwambia asiondoke mpaka uisome mbele yake.

Msalimie mama yako, na jirani aliyenishikia Neema siku niliyoondoka. Kaumba mwambie shemeji yake hajakasirika, anaogopa.

Neema anipigie akiwa kwa shangazi yake, nijue ametoka kweli. Nitamwacha aongee anavyotaka. Mimi nitasikiliza nyuma ya sauti yake kama bado wanagonga.

Mke wako,
Mama Neema