Sakafu Niliyoisugua kwa Kokoto Lako

Mama,

Shikamoo. Najua marehemu haamkiwi, lakini nikianza na lile hasa lililonikalisha hapa nitakunja karatasi niende zangu shamba.

Nimevunja sakafu ya bafu. Juzi nilishinda nayo kwa sururu, na majirani wa hapa Kasense walipita wakiniuliza kama nimeingiwa na wazimu, kuvunja saruji nzima namna ile. Nikawaambia inavuja. Uongo. Haikuvuja hata tone.

Unakumbuka bafu lako lilivyokuwa: ua wa matete, mawe bapa manne chini, na fito ya kutundikia kanga. Ulilipenda. Mimi karani wa bomani, mwenye kaptula ya kupigwa pasi, nililionea haya. Siku moja nilipeleka barua nyumbani kwa Bwana Shauri, Mzungu mkubwa wetu wa bomani, nikachungulia bafu lake, jeupe, linang'aa kama sahani. Tangu hapo matete yako yakawa yananichoma macho. Karani mwenzangu alipoahidi kuja kulala kwetu siku mbili, nikasema mgeni wangu hataoga kwenye matete.

Fedha sikuwa nayo, nilikuwa na majivuno tu. Mwenye duka mmoja wa mjini alinipa mfuko wa saruji ulioingia unyevu, nikachekecha mabonge. Matofali nilifyatua mwenyewe. Ukutani nikapaka udongo wetu mweupe, mlango nikaupiga bati la madebe. Debe moja nililitoboa kwa msumari nikalitundika juu, maji yakashuka kama mvua, ukacheka mpaka ukakaa chini. Mawe yako manne niliyatupa nyuma ya zizi.

Kisha sakafu. Fundi yeyote angeiacha ilivyo. Lakini mimi ni mtoto wa mfinyanzi. Niliingiza mkono kwenye kapu lako, nikachukua lile kokoto jeusi la kung'arishia vyungu, nikapiga magoti nikaisugua saruji ikiwa bado mbichi, kama ulivyonifundisha, mpaka ikanionyesha uso wangu. Ulikuwa umesimama mlangoni. Ulisema, "Baba, hata chungu, shingoni sisugui. Mkono wenye maji utashika wapi?" Nilikuelewa vizuri sana. Nikakujibu kwamba sakafu si chungu, na mambo ya kisasa yana wenyewe.

Mgeni akaoga, akasifu, nami nikavimba kichwa. Siku ya tatu baada ya yeye kuondoka, ulianguka humo bafuni. Nyonga haikupona. Ulezi ulivunwa wewe ukiwa kitandani, na kabla haujapurwa tukakuzika.

Hayo unayajua. Usilolijua ni la matangani. Dada yako, Mama Mkubwa, alisema mbele ya watu wote kwamba Anastazia, mke wangu, ndiye aliyeacha maji ya sabuni pale chini. Watu wakaguna. Mama, Anastazia alikuwa shambani tangu alfajiri siku ile, nami nilijua. Alinitazama mara moja tu. Nami nikaangalia viatu vyangu. Viatu! Vilikuwa vimepakwa rangi vizuri.

Hakujitetea. Alipikia watu mpaka matanga yakaanuliwa, kisha akafunga nguo zake akarudi kwao, kijiji cha Kate. Tangu hapo nasonga ugali wangu mwenyewe, na naona aibu hata mbele ya mwiko.

Jumapili nilikuwa naoga humo humo nikateleza. Mimi, na nguvu zangu zote. Nilijikuta nimekaa chini uchi, debe linanimwagia maji ya baridi ya huku kwetu, nikitafuta pa kushika, na hapakuwapo. Nililia kwa sauti, Mama. Mtu mzima.

Basi nikaivunja. Mawe yako niliyakuta matatu, la nne limepasuka, nikatafuta jingine linalofanana nalo. Katikati nikajaza saruji kidogo iliyobaki pamoja na mchanga wa chenga kubwa, nikaikwaruza kwa ufagio kabla haijashika. Haipendezi. Leo asubuhi nilimwita Mama Mkubwa, nikamwaga maji juu ya sakafu, nikamwambia apite. Akavua viatu, akapita polepole. "Mguu unashika," akasema. Hapo ndipo nilipomweleza yote, hata lile kokoto, hata swali lako, hata alikokuwa Anastazia siku ile.

Aliokota kiatu chake kimoja, nikadhani atanipiga. Kisha akasema, "Mimi nilisema mbele za watu, wewe ukanyamaza mbele za watu. Tutakwenda wote."

Kesho tunapanda lori kwenda Kate. Anastazia anaweza kukataa, na akikataa ana haki yake. Kokoto lako nimelirudisha kapuni, na kapu nitampelekea, maana ulikuwa umeanza kumfundisha yeye na alikuwa anasikia kuliko mimi.

Lala salama, Mama. Msamaha wako siuombi leo, nina wa mtu mwingine wa kuuomba kwanza. Nakuahidi hili moja: nitasema mbele ya baba yake na ndugu zake wote, na nitamtazama yeye usoni. Viatu nimeviacha uvunguni. Nitaingia kwao peku.

Mwanao.