Boksi Ambalo Sikulirudisha Mnadani

Jumapili, jioni

Na bado liko hapa mezani. Nimeshindwa hata kulifungua.

Desturi yetu kwenye mnada wa kanisa inajulikana: ukishinda kitu, unakirudisha kiuzwe tena. Keki ya leo ilinunuliwa mara nne. Mimi peke yangu niliondoka na nilichoshinda: boksi la kadi za zamani zenye picha za wachezaji wa besiboli, alizoachiwa Mama Njeri na mzee mmoja wa hapa mjini Pickering, huku ughaibuni, ambaye yeye Mama Njeri alimuuguza hadi kufa kwake. Alizitoa mwenyewe, maana mnada ulikuwa wa kumchangia tiketi ya ndege aende nyumbani akamzike mama yake.

"Baba Kevo, umeanza kucheza karata uzeeni?" mchungaji akanitania. Watu wakacheka, nami nikacheka. Hawajui kwamba miezi yote hii nafuatilia bei za kadi kama hizi mtandaoni. Wakusanyaji wamezichoka kadi mpya zinazong'aa. Sasa wanagombania za kale kwa pesa nyingi, hata zenye kona zilizochakaa. Mimi nililipa bei ya keki tu.

Pesa za tiketi hazijatimia.

Mama Njeri amepiga simu sasa hivi. "Asante, Baba Kevo. Najua takataka zile ulizinunua kwa kunihurumia tu. Mungu akuzidishie."

Nikasema amina, mkono ukiwa juu ya boksi.